Siku Niliyolala Badala ya Jumbe

Mnaoniuliza kila nikipita sokoni kama yule mbuzi alipona, alipona. Yuko hai, ananenepa, na kofia ya Jumbe aliyoila imeshakwenda ziendako nyasi zote. Tuliokonda ni sisi.

Kwa ambaye gazeti lake la wiki zilizopita lilifungiwa maandazi, nieleze upesi. Mimi ni Hashimu, mpiga video za harusi hapa Morogoro mjini. Nimejitia kutengeneza filamu ya kuchekesha ya enzi za Mwingereza kutokana na kitabu ambacho hakuna anayekijua, Jumbe Hafi Kiangazi. Kiliandikwa na mwalimu mmoja wa misheni huko milimani, Mwalimu Severini, kikachapishwa mara moja, kisha kikaishia kufungia karanga.

Kisa chake ni hiki. Jumbe mmoja wa Uluguru anaamriwa na Bwana Shauri, yule mkuu wa wilaya wa Kizungu, awasimamie watu wachimbe matuta mlimani, na tuta la kwanza alichimbe yeye mwenyewe ili awe mfano. Jumbe hajashika jembe tangu aoe. Anaona heri afe. Anajilaza, anavishwa sanda, anangoja Mzungu aondoke.

Niliposoma nilicheka peke yangu hadi mke wangu akaja kuchungulia. Nikasema hii ndiyo kazi itakayonitoa kwenye harusi za watu. Gari la kizamani likatufia Kingolwira. Msichana wa kuigiza bi mdogo akapata mchumba Gairo, akaondoka na gauni letu. Mbuzi naye akafanya aliyoyafanya. Hayo mmeyasoma.

Wiki hii nawaeleza ya msiba.

Mwalimu Severini, Mungu amrehemu, aliniachia shimo katikati ya kitabu. Kila kitu amekiandika kwa kirefu: kofia, mbwa wa Mzungu, hata supu. Tukifika kwenye sura ya mazishi, sura ambayo filamu nzima inaiegemea, mzee ameandika mstari mmoja tu: "Watani wakafanya kazi yao, na Jumbe akasikia yote."

Basi. Hakuna zaidi. Watu wa wakati wake walijua watani wanasema nini juu ya maiti, akaona ya nini kupoteza karatasi.

Nilijaribu kuyaandika mwenyewe. Nikawapa waigizaji wa mjini, vijana wazuri, wakayasema kama wanasoma taarifa ya habari. Mmoja alimwambia maiti "samahani" kabla ya kumtukana. Nikavunja zoezi, nikakaa chini, nikachoka mwili na roho.

Ndipo nikafanya kosa langu. Nikasema: kwa nini niigize watani wakati watani wapo?

Aliyekuwa akiigiza Jumbe ni Mjomba Alois, mdogo wake marehemu mama yangu. Mama alisilimu alipoolewa mjini, Mjomba akabaki Mkatoliki na bustani zake za kabichi kule Mgeta, lakini ukoo ni mmoja, maana kwetu mtu ni wa kwa mama yake. Na ukoo wetu una watani wake, ng'ambo ya mto tu. Wao hutuzika sisi, sisi huwazika wao. Nikapeleka ujumbe kwa Bibi Yuliana, ambaye ndiye mkuu wa utani upande ule, kwamba nawaomba waje kwenye msiba wa filamu.

Akajibu: "Msiba ni msiba. Tutakuja."

Nikafurahi. Ningekuwa na akili ningeogopa.

Asubuhi ya siku yenyewe tulikuwa Mgeta, kwenye uwanja wa Mjomba. Ukungu ulikuwa umelala juu ya kabichi. Nilikuwa napanga mikeka mke wangu Asia aliponijia na simu mkononi. Katika filamu, Asia ndiye bi mkubwa wa Jumbe. Hakuwa mwigizaji, aliingia pale wa kwanza alipotukimbia, na niseme kweli, hakuna aliyemfikia.

"Halidi amepiga," akasema. Halidi ni kaka yake, yuko Turiani na mama yao anayeumwa.

"Anasemaje?"

"Mama ameruhusiwa. Wamemrudisha nyumbani."

"Alhamdulillahi."

"Hashimu, mtu wa umri ule, hali chakula, haongei, hospitali ikimrudisha nyumbani huwa imeona amepona?"

Nikanyoosha mkeka uliokuwa umeshanyooka.

"Twende leo," akasema.

"Leo ndiyo tunapiga msiba, Asia. Watani wameshaanza kupanda. Tukimaliza jioni tunashuka, kesho asubuhi tuko Turiani."

"Tukimaliza."

"Nakuahidi."

"Sijakuomba ahadi, nimekuomba twende." Akafunga simu kwenye pindo la kanga yake. Hakupandisha sauti. Asia hapandishi sauti, na mimi kwa miaka yote nimechukulia kwamba asiyepandisha sauti hajakasirika. "Haya, nipe kaniki yangu nijiandae kumlilia Jumbe wako."

Nikampa. Nilijua nimekosea, na nikaenda kutafuta waya.

Watani wakafika. Sikuwa nimewafikiria wengi kiasi kile. Wanawake wamejifunga viunoni, wanaume wamebeba majembe, na mbele yao Bibi Yuliana, mfupi, mkavu, tenga mgongoni kama anakwenda kuvuna.

"Shikamoo, Bibi."

"Weka shikamoo yako, leo nimekuja kazini. Maiti yuko wapi?"

"Anavaa."

"Maiti anavaa mwenyewe?" Akawageukia wenzake. "Mmemsikia? Ukoo huu hata kufa hawajui."

Wakacheka wote. Mwenzangu wa kamera, Lucy, binti wa Kihonda asiyejua kucheka kabla ya chai, naye akacheka. Nikaona hii ndiyo filamu. Hiki ndicho Mwalimu Severini alichokiacha nje.

Nikaenda nyuma ya nyumba kumwita Mjomba Alois. Nikamkuta ameshika baiskeli.

"Unakwenda wapi, Mjomba?"

"Naenda kuangalia karoti."

"Karoti ziko hapa hapa uani."

"Nyingine ziko mbali." Akaangusha macho. "Hashimu, ulisema utaleta watani. Hukusema utawaleta wa kweli."

"Nilikwambia ni Bibi Yuliana."

"Nilidhani umempa mtu jina hilo kwenye igizo. Yule mwanamke alimzika mama yangu, akamzika na mama yako. Mimi nina umri huu, mgongo huu, niende nikalale mbele yake na sanda?"

"Ni mchezo, Mjomba."

"Kwako ni mchezo. Akinikalia kichwani akaanza kazi yake, nani ataniamsha?"

"Mimi. Nitasema 'kata'."

"Kata yako haifiki huko," akasema Mjomba Alois. Akapanda baiskeli, akashuka mteremko na breki zake mbovu zikilia mpaka chini mtoni.

Nikasimama pale nikitazama njia. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba hata hasira haikuja. Nilitamani mtu aje aniambie, Hashimu, basi, inatosha, nenda ukalale.

Aliyekuja ni Lucy. "Bosi, mwanga huo unaondoka. Ukungu ukirudi hatuna kitu."

"Jumbe ameondoka na baiskeli."

"Sasa?"

"Sasa sijui."

Akanipima kwa macho kutoka kichwani hadi miguuni. "Lala wewe."

"Mimi?"

"Mwili ni mwili, bosi. Urefu mnalingana. Si umesema akiamka anakimbia na sanda usoni? Sura nani ataiona?"

Na kweli. Kitabuni Jumbe anakaa ndani ya sanda mpaka bi mkubwa anamwambia kwa sauti, "Amka, baba, Mzungu ameondoka." Hapo anaruka, anakimbia huku kitambaa kimemfunika uso, anagonga mgomba, anaanguka. Uso wake hauonekani mpaka sura inayofuata, na ile tulikwisha kuipiga na Mjomba.

Nikarudi uwanjani kumweleza Bibi Yuliana kwamba maiti amebadilika.

"Wewe mama yako si yule tuliyemzika sisi?"

"Ndiye."

"Basi wewe ni wetu vilevile. Tena afadhali. Alois ameshazeeka, hana mengi ya kusemwa." Akashusha tenga. "Ila nikwambie, mtoto. Tunalia mara moja. Hakuna cha rudia, rudia. Msiba ukirudiwa ni kuuita."

"Mara moja inatosha, Bibi."

"Na tukishaanza, tunamaliza."

Nikasema sawa. Nilikuwa nasema sawa kwa kila mtu siku hiyo isipokuwa mke wangu.

Wakanilaza kwenye mkeka. Wakanivisha sanda, wakanifunga kidevu, Bibi Yuliana mwenyewe akanitia pamba puani bila kuniuliza napumuaje. Kisha wakanifunika uso.

Nikiri jambo moja. Nilipolala pale, nilisikia raha. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu hakuna mtu anayeniuliza nguo ziko wapi, chakula kimefika, gari limewaka. Maiti haulizwi kitu. Nikafikiri, Jumbe hakuwa mjinga.

"Twende," akasema Lucy.

Wakaanza.

"Huyu ndiye?" Sauti ya mwanaume, upande wa miguu. "Mbona mwepesi? Akiwa hai alikuwa anajaza nyumba, kumbe ni mdomo."

"Mtazame kisigino," akasema mwingine, akanishika mguu. "Laini kama cha mtoto aliyetoka kuzaliwa. Hiki kimekanyaga shamba lini?"

"Kilikuwa kinakanyaga mazulia ya watu. Kwenye harusi."

Kicheko. Nikatabasamu chini ya sanda. Jumbe wangu hakuwa na harusi za watu, lakini nikajiambia nitakata maneno hayo baadaye.

Bibi Yuliana alikuwa amekaa kichwani pangu. Akanigonga kipaji cha uso kwa kidole.

"Wewe. Umepiga picha arusi za mji mzima. Mkeo ana picha gani ya arusi yake? Hebu tuonyeshe. Hana. Fundi cherehani anavaa matambara."

Watu wakapiga makofi. Mimi tabasamu likakauka.

"Mama yake alipokufa," akaendelea Bibi Yuliana, "huyu alikuja na kile kidude chake, akatuambia sogeeni kulia mwanga uingie. Nikamwambia, mwanangu, huyu ni mama yako. Akasema najua, Bibi, sogea kidogo tu."

Walicheka mpaka mmoja akakohoa. Ndivyo utani ulivyo: unakuchinja na huruhusiwi kununa. Aliye hai angeweza kujibu, akarudisha moja kali, mambo yakaisha. Maiti analala. Nikaelewa mstari ule wa Mwalimu Severini, na jinsi ulivyokuwa mrefu.

Kisha wakanyamaza, nikasikia kilio cha Asia.

Alikuja kama tulivyopanga, akajitupa magotini ubavuni pangu. "Jumbe wangu, umeniachia nani? Nani atanigombeza sasa?" Maneno ya kitabu, na aliyasema vizuri hata nikasahau yalivyoandikwa. Wanawake wa watani wakaitikia. Nikasikia mmoja anapenga kamasi kwelikweli.

Kisha Asia akainama, akaweka uso wake karibu na sikio langu, mahali ambapo kamera ingeona mjane amelemewa. Akazungumza kwa sauti ya chini, kavu, isiyo na chozi.

"Hashimu. Halidi amepiga tena. Mama anamwita kila mtu kwa jina langu."

Sikutikisika.

"Nashuka sasa hivi. Bodaboda iko barabarani inaningoja. Nataka kujua kitu kimoja tu. Tunashuka wote, au nashuka peke yangu?"

Kitambaa kilikuwa kimenigusa midomo. Niliona kivuli cha kichwa chake, basi.

"Kohoa tu," akasema. "Hata kidogo. Nitaelewa."

Msomaji, kukohoa si kazi. Nilikuwa na pamba puani, koo limekauka, nilikuwa nimekizuia kikohozi tangu waliponifunga kidevu. Ningekiachia tu. Lakini nikikohoa msiba umekwisha. Bibi Yuliana amesema hawarudii. Mjomba yuko ng'ambo ya mto. Bila mazishi haya hakuna filamu, na vyote vilivyotufika, gari na gauni na kofia, vitakuwa vimetufika bure.

Nikawaza: dakika chache tu. Ngoja aseme mstari wake, niamke, nikimbie, nigonge mgomba, halafu nitashuka naye. Atanisubiri dakika chache. Siku zote ananisubiri.

Sikukohoa.

Akakaa pale muda kidogo zaidi ya nilivyotaka. Nikasikia pumzi yake. Kisha akasema, "Haya," kama mtu aliyepewa chenji yake, akainuka.

"Mjane," akaita Bibi Yuliana kwa sauti kubwa, sauti ya kazi. "Tumelia, tumechoka. Sasa tupe vya marehemu."

Hilo ni jambo la desturi. Watani hawaondoki mikono mitupu. Hudai nguo za marehemu, au kiti chake, au jembe, na baadaye wafiwa huvikomboa kwa kuku au kwa pombe. Nilikuwa nimetenga viatu vya kizamani vya Jumbe kwa ajili ya hapo.

"Subirini," akasema Asia.

Nikasikia hatua zake zikienda, zikarudi. Nikasikia zipu. Wala sikujiuliza viatu vina zipu gani.

"Hivi ndivyo alivyovipenda," akasema.

"Vyote?"

"Vyote. Chukueni."

Watani wakapiga vigelegele. Kisha uwanja ukatulia, na Asia akasema mstari wake. Aliusema waziwazi, bila haraka, kama mtu anayemwamsha mumewe asichelewe kazini: "Amka, baba, Mzungu ameondoka."

Hakuna mwigizaji ambaye angeusema hivyo. Nikaruka.

Niliruka kama sijawahi kuruka ujanani. Sanda ikanifunga usoni, nikapiga teke sufuria la uji, nikasikia watu wanatawanyika, nikashuka kwenye ngazi za shamba la kabichi la Mjomba huku nikianguka na kuinuka, na ule mgomba ambao tulikuwa tumeuchagua kwa siku nzima nikaukuta kwa paji la uso.

Nikalala chali. Na juu kule nikakisikia kicheko. Hakikuwa cha kupangwa. Watu walikuwa wanalia kwa kucheka, watu wazima, wenye majembe. Hicho ndicho nilichokisikia kichwani mwangu usiku ule nilioumaliza kitabu. Nikacheka nami, peke yangu chini ya mgomba, nikajifunua uso, nikasema moyoni, nimepata.

Lucy akaja mbio, kamera begani. "Bosi, hii noma. Hatugusi tena. Angalia, angalia hapa unavyopiga teke sufuria."

"Asia yuko wapi?"

Akaacha kucheka. "Ameshuka."

"Lini?"

"Alipousema tu mstari wake. Hujafika hata kwenye kabichi. Nilidhani mmepanga."

Nikatoa pamba puani. Barabara inaonekana kutoka uwanja wa Mjomba, ile inayoteremka kuelekea mjini, lakini ukungu ulikuwa umerudi umeifunika. Nikasikia bodaboda kwa mbali, au labda ilikuwa mashine ya kusaga.

"Bosi," akasema Lucy, kwa sauti nyingine. "Lile begi la diski umeliweka wapi?"

Begi la diski lilikuwa na filamu nzima. Kila kitu tulichopiga tangu mwanzo: Kingolwira, mbuzi, bi mdogo kabla hajaolewa. Hatukuwa na nakala nyingine. Usiniulize kwa nini, nimeshaulizwa na watu wenye sauti kubwa kuliko yako. Nikakumbuka zipu.

Tukapanda uwanjani. Watani walikuwa wanakunywa uji uliobaki. Bibi Yuliana ameshavaa tenga lake mgongoni, na begi letu jeusi limechomoza ndani yake kati ya majani ya kabichi.

"Bibi, hilo begi ni letu."

"Lilikuwa lenu. Mjane katoa."

"Alikosea. Alitakiwa akupe viatu."

"Viatu niliviona. Akaviruka." Akarekebisha kamba ya tenga. "Hakukosea yule."

"Bibi Yuliana, mimi ni mzima. Nimesimama mbele yako. Hakuna marehemu hapa, na hakuna mjane."

"Nakuona umesimama." Alinitazama bila utani wowote, na hilo lilinitisha kuliko alivyonigonga kidole. "Lakini nilikuwa nimekaa kichwani pako, na sikio langu bado zima. Mwanamke alikuuliza neno. Ungekohoa, mimi ningekuwa wa kwanza kucheka, nikakufungua kidevu, nikakupa na maji. Ulimjibu kama maiti. Yeye akafanya kama mjane."

Lucy akanitazama. "Alikuuliza nini?"

Nikamgeukia Bibi Yuliana.

"Nitakupa kuku, Bibi. Nitakupa mbuzi."

"Vya marehemu havikombolewi na marehemu," akasema. "Mjane aliyetoa ndiye anayekomboa. Mlete hapa, aseme kwa mdomo wake 'nimesamehe, nirudishieni,' nami nitakupa kitu chako hata pombe sidai. Asipokuja, kitakaa kwangu. Hakitaliwa na panya."

Nikawageukia watani wengine kutafuta aliye laini. Walikuwa wanaangalia vikombe vyao. Ningeweza kumnyang'anya, bibi wa umri ule, mbele ya majembe yote yale, kisha niishi na jina hilo milima yote. Nisingeweza. Hata Lucy, ambaye hana ukoo huku, aliona haiwezekani.

Nikakaa kwenye mkeka wangu wa mauti. Sanda ilikuwa bado imenizunguka kiunoni, ina matope na uji. Nilimpigia Asia. Haipatikani. Njia ile ikishaingia bondeni hakuna mtandao mpaka ukaribie mjini, hilo nalijua. Nikapiga tena. Haipatikani.

Nitamfuata, nikasema. Nitamkuta Msamvu kabla hajapanda basi la Turiani. Nitamwambia ukweli wote. Lakini hata nilipokuwa najipangia maneno, nilijua nusu ya moyo wangu inamfuata Asia na nusu inafuata begi, na sikuweza kuzitenganisha. Niliona aibu. Nawaambia kwa sababu mmeniamini mpaka hapa.

Simu ikaita mkononi mwangu. Nikaruka nikidhani ni yeye.

Alikuwa Halidi.

"Shemeji, asalaam aleikum."

"Waaleikum salaam, Halidi."

Nyuma yake nilisikia wanawake wakilia. Nilikuwa nimetoka kusikia kilio siku nzima, kizuri, kilichopangwa, chenye watu wa kuitikia. Kile hakikuwa na mpangilio wowote. Bibi Yuliana alikuwa ameshaanza kuondoka. Akasimama, akageuka, akashusha tenga chini polepole bila kuambiwa.

"Nampigia Asia simpati," akasema Halidi. Sauti yake ilikuwa imechujuka. "Sitaki aipate hii akiwa njiani peke yake, Shemeji. Sitaki aisikie kwa kondakta au kwenye meseji ya mtu. Niambie tu uko naye."

Niliitazama barabara. Ukungu.

Ningesema hapana. Ningesema, ameondoka peke yake, Halidi, aliniuliza nikanyamaza, nilikuwa nimelala nimevaa sanda. Nilitafuta pa kuanzia sentensi hiyo nikapakosa.

"Ninaye hapa," nikasema.

"Alhamdulillahi," akasema Halidi, akavuta pumzi kwa mara ya kwanza tangu apige. "Basi mkalishe chini, mshike mkono, halafu mpe simu."